Nta, silanti au seramiki: mwongozo kamili wa kung'arisha na kulinda rangi ya gari Mombasa

Fundi kijana akiniuliza atumie nta gani, mimi humrudishia maswali mawili: gari hilo linalala wapi, na linaoshwa kwa maji gani? Hapa Mombasa majibu ya maswali hayo yanaamua karibu kila kitu. Gari la Nyali linalolala karibu na ufuo linapigwa na upepo wa chumvi usiku kucha. La Changamwe linabeba vumbi la malori na chembe za chuma. La Bamburi lina saruji. La Mji wa Kale huoshwa kwa maji ya kisima, na maji hayo yakikauka juu ya boneti huacha madoa meupe. Mkebe wa nta haujui lolote kati ya hayo. Fundi ndiye anayepaswa kujua.

Nimeandika kwa anayefanya kazi hii kwa malipo, au anayetaka kuianza. Nitafuata mpangilio wa kazi yenyewe, ila nitakaa zaidi pale ambapo Pwani haikubaliani na maelezo ya kwenye mkebe.

Klia ndiyo mtaji

Rangi ya kiwandani ina tabaka nne: kinga ya kutu juu ya bati, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi. Kwenye magari mengi ya Japani tabaka zote kwa pamoja huwa kati ya mikroni 90 na 140. Klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Karatasi ya daftari ina unene wa mikroni 80 hadi 100, kwa hiyo klia yote ya gari la mteja ni kama nusu ya karatasi.

Kila ukipiga polishi, unaila hiyo nusu ya karatasi. Polishi laini huondoa mikroni moja au chini ya hapo. Kompaundi kali yenye pedi ya sufi inaweza kuondoa tatu, nne au zaidi kwa mara moja. Na klia ndiyo inayobeba dawa ya kuzuia miale ya jua. Ikishapungua sana hupauka, kisha hubanduka vipande vipande, kama unavyoona kwenye mapaa ya magari mengi barabarani. Hapo hakuna nta wala seramiki itakayosaidia. Gari linakwenda kwa fundi wa rangi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: piga polishi kidogo iwezekanavyo, na uweke nguvu zako kwenye kinga (nta, silanti ambayo ni nta ya maabara, au seramiki) inayoendana na maisha ya gari.

Ukaguzi

Osha kwanza ndipo ukague. Liingize gari kivulini, washa tochi kali, na uipitishe kwa pembe juu ya kila paneli. Utaona mikwaruzo ya duaraduara iliyoachwa na sponji na fulana kuukuu, madoa ya maji, alama za kinyesi cha kunguru, na mistari mirefu ya matawi. Mkwaruzo unaonasa ukucha umeshakwenda chini sana. Usijaribu kuufuta, mweleze mteja kwamba utapungua kuonekana, lakini hautaisha.

Kisha chukua kipimo cha unene wa rangi. Pima kila paneli sehemu tatu au nne. Ikisoma 90 hadi 140, uko kwenye rangi ya kiwandani. Ikizidi 200, imepigwa rangi tena. Ikifika mamia kadhaa, kuna puti chini. Ikishuka kwenye 80 au chini ya hapo, kuwa mwangalifu mno. Huenda paneli hiyo imeshapigwa polishi mara nyingi, na kazi yako hapo ni kusafisha na kulinda tu. Kumbuka kwamba kipimo kinasoma tabaka zote kwa pamoja, hakikuambii klia imebaki kiasi gani, na vile vya kawaida havisomi bampa za plastiki.

Usidanganyike na neno gari jipya. Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane, kwa hiyo hata lililoshuka Kilindini mwezi uliopita huenda limeshaoshwa na kung'arishwa kwa miaka saba, kisha yadi ikalipitisha mashine tena ili livutie mnunuzi.

Gari la zamani kabisa, mfano Peugeot 504 ambayo mzee fulani ameitunza tangu ujana wake, huenda halina klia. Lijaribu kwa kitambaa cheupe na tone la polishi mahali pa siri. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja. Inang'arika vizuri sana, lakini unachoondoa ni rangi yenyewe. Kwenye gari lenye klia, ukiona rangi kwenye pedi, zima mashine papo hapo.

Na lililotoka kwa fundi wa rangi juzi, likakaushwa kwa hewa, lipe mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kulipaka nta, silanti au seramiki. Rangi mbichi bado inatoa thina, na ukiifunika unaifungia ndani.

Kusafisha: chumvi, saruji, chuma

Chumvi haili klia iliyo nzima. Hasara yake iko kwenye vidonda vya kokoto, ambako bati limefichuliwa na kutu huanza, na kwenye mkono wa muoshaji. Chumvi iliyokauka ni punje, na anayepangusa gari kavu kwa kitambaa asubuhi anazisugua punje hizo kwenye klia. Gari linalovuka feri ya Likoni kila siku, au linalolala ufuoni, limwagiwe maji mengi kwanza, kisha povu, likae dakika tatu hadi tano bila kukauka, halafu limwagiwe tena. Ndipo mkono uguse, kwa glovu ya maikrofaiba na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glovu. Anza na paa, malizia na sehemu za chini. Sabuni ya unga ya nguo iache kwa nguo. Inaondoa nta yote uliyopaka wiki iliyopita.

Saruji inahitaji subira. Vumbi lake likipata umande wa usiku, linaganda. Ukilisugua au kulipitishia klei (donge laini kama udongo la kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi), unaburuta mchanga mgumu juu ya klia. Changanya siki nyeupe na maji safi, nusu kwa nusu, lowesha taulo, liweke juu ya doa kwa dakika chache, suuza, rudia. Saruji ni ya alkali, asidi ya siki huilegeza polepole. Usiache siki ikauke kwenye rangi, na suuza vizuri ikishamaliza kazi.

Chembe za chuma hutoka kwenye breki, kwenye reli na kwenye pilikapilika za bandari. Kwenye gari jeupe huonekana kama vidoa vidogo vya rangi ya machungwa. Nyunyiza dawa ya kuondoa chuma kivulini. Itageuka zambarau inapogusa chuma. Suuza kabla haijakauka. Lami iondolewe kwa dawa yake kwenye kitambaa, si kwa kulimwagia gari petroli.

Mwisho ni klei, pale tu rangi inapoguswa na kuhisi ukwaru. Weka mkono ndani ya mfuko wa plastiki na upapase boneti. Plastiki hukuza kila punje. Lowesha sana, pitisha klei kwa wepesi, ikunje kila inapochafuka. Ikianguka chini, itupe. Klei huacha mikwaruzo myepesi, kwa hiyo ifanye siku unayojua utapiga polishi.

Maji ya mwisho yawe matamu. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi. Huna lazima ya kuosha gari zima kwa maji ya mfereji. Osha kwa uliyo nayo, lakini lita 20 za mwisho ziwe za mfereji au za mvua uliyokinga kwenye tangi, kisha kausha mara moja kwa taulo kubwa la maikrofaiba. Maji ya mvua hayana chokaa. Wenye vituo vya kuoshea magari tungeyathamini zaidi.

Polishi

Mashine ni mbili. Ya kuzunguka tu, inayopendwa na mafundi wa rangi, ina nguvu na joto jingi, na mkono usioizoea huacha mawimbi ya kung'aa yanayotembea jua likipiga. Ya DA (dual action, yaani mwendo wa aina mbili) huzunguka huku ikitikisika, haichomi rangi kwa urahisi, na kwa magari tisa kati ya kumi inatosha. Anayeanza anunue DA yenye mtikisiko wa milimita 15, na ile ya kuzunguka aiache kwa rangi iliyochoka kabisa. Hata hapo amalizie kwa DA.

Funga kingo, mistari ya paneli na plastiki nyeusi kwa tepu ya karatasi. Kwenye kingo ndiko klia ilipo nyembamba, na polishi ikikauka kwenye plastiki nyeusi huacha weupe usiotoka kwa urahisi.

Kisha fanya jaribio. Chagua sehemu ya boneti, sentimita 50 kwa 50, na uanze na kitu laini zaidi ulicho nacho: pedi ya sponji ya kati na polishi nyepesi. Weka matone matatu au manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi. Sambaza kwa mwendo mdogo ili isiruke, kisha panda hadi kasi ya 4 au 5. Tembeza mashine sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia, na upite mara nne. Usikandamize, uzito wa mashine na mkono unatosha. Chora mstari kwa kalamu kwenye bamba la pedi, ili uone kama bado inazunguka au inatikisika tu.

Pangusa, kisha nyunyiza mchanganyiko wa spiriti ya isopropili na maji safi, spiriti ikiwa asilimia 10 hadi 15, na upanguse tena. Hatua hii wengi huiruka. Polishi ina mafuta, na mafuta hujaza mikwaruzo ikaonekana imekwisha. Wiki mbili baadaye inarudi pamoja na mteja. Baada ya spiriti, tochi itakuambia ukweli. Kama sehemu kubwa ya mikwaruzo imeondoka, umepata njia yako, endelea hivyo gari zima. Kama bado, badilisha pedi kwanza, iwe kali kidogo, kabla ya kubadilisha polishi. Ngazi moja kwa wakati.

Rangi hazifanani. Nyeusi ya Toyota yenye namba 202 inajulikana duniani kote kwa ulaini wake: hata kitambaa kizuri kikipita kikavu kinaacha alama. Imalizie kwa pedi laini kabisa na polishi ya kumalizia, na upanguse kwa kitambaa kipya. Mercedes au Audi mara nyingi huwa ngumu, na hapo ndipo pedi ya maikrofaiba ina kazi. Rangi isiyong'aa kwa makusudi usiiguse kwa mashine hata kidogo.

Joto letu linabadilisha kazi hii. Paneli isipovumilika kwa kiganja, iache ipoe. Anza mapema, fanya chini ya paa, na punguza eneo hadi sentimita 40 kwa 40 wakati wa kaskazi, kwa sababu polishi inakauka kabla haijamaliza kukata na kugeuka vumbi jeupe. Pedi nayo hupata joto katikati na gundi yake hulegea. Kuwa na tano au sita kwa gari moja, zibadilishe kila paneli moja au mbili, na uzisugue kwa brashi kila baada ya kila eneo. Stima ikipotea ghafla, inua mashine na uzime swichi. Ikirudi ukiwa umesahau, polishi itaruka hadi kwenye kuta.

Kuchagua kinga

Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa familia moja na mnazi, uitwao Copernicia prunifera, kaskazini mashariki mwa Brazili. Peke yake ni ngumu kiasi kwamba haiwezi kupakwa, kwa hiyo huchanganywa na mafuta, vimumunyisho na nta laini zaidi. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi; nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na baadhi ya nta za parafini chini zaidi ya hapo. Boneti jeusi mbele ya jua la Februari, injini ikiwa moto chini yake, linaweza kupita nyuzi 70. Ndiyo maana mkebe wa bei nafuu uliojaa nta laini unalegea, unanasa vumbi, na baada ya wiki chache haupo. Karnauba nzuri hapa naihesabia wiki nne hadi nane. Inaipa rangi nyekundu na nyeusi kina kizuri kuliko kitu chochote kingine, na kwa gari la maonyesho, la harusi, au ile 504 ya mzee, ndiyo ninayoitumia.

Silanti ni nta ya kutengenezwa maabara, yaani polima zinazoshikana na rangi. Haina joto la macho kama karnauba, lakini inavumilia jua na sabuni. Mkebe ukisema miezi sita, mimi humwahidi mteja mitatu hadi minne. Kwa magari mengi ya mji huu hii ndiyo chaguo langu la kwanza: bei yake inalipika, haihitaji polishi ya kupindukia chini yake, na inarudiwa bila kuondoa kitu.

Seramiki hujengwa juu ya silika, inashikana na klia, na hudumu mwaka mmoja hadi miwili hapa ikiwa gari linaoshwa ipasavyo, hata kama chupa imeandika mitano. Inazuia kemikali na uchafu vizuri. Lakini maandishi ya 9H kwenye chupa yanatokana na kipimo cha ugumu wa penseli, hayamaanishi kwamba ufunguo hautakwaruza. Unene wake ni mikroni moja au mbili tu. Anayewauzia wateja seramiki kama ngao ya kokoto anawaumiza wateja na kutuharibia kazi sisi sote.

Sasa jambo ambalo naomba kila fundi wa Pwani alifikirie: matone. Wateja wanapenda kuona maji yakijikunja kama shanga, na video zote huonyesha hivyo. Lakini tone la maji ya kisima likisimama wima juani hukauka pale pale, na chokaa yote iliyokuwemo inabaki kwenye duara dogo. Boneti lenye shanga elfu linapata madoa elfu, na yakikaa juani kwa majuma yanaila klia. Gari linaloshinda nje na kuoshwa kwa maji ya kisima linafaa silanti inayoachilia maji yateremke kama shuka, si inayoyakunja. Jaribu bidhaa yako kabla ya kuiuza: mwaga maji taratibu kwenye boneti lililopakwa, uone kama yanashuka pamoja au yanabaki yametawanyika. Ukiwa na mteja wa seramiki anayetumia kisima, mwambie waziwazi kwamba bila kukausha kila akiosha atajutia fedha zake.

Kwa hiyo naamua hivi. Probox ya teksi au gari la kampuni linalofanya kazi kutwa: polishi ya pamoja, yenye kukata kidogo na kinga ndani yake, hatua moja, kila baada ya miezi mitatu. Gari la familia la Kisauni au Mji wa Kale linalolala nje: polishi nyepesi mara moja, kisha silanti. Gari la ufuoni lenye banda na mwenyewe anayejali: seramiki. Silanti ikishakauka unaweza kuweka karnauba juu yake kwa ajili ya mng'ao. Kinyume chake hakishiki, na seramiki haikubali chochote chini yake.

Kupaka

Nta na silanti zinataka tabaka jembamba. Ukiona weupe mnene, umepaka mara tatu ya unachohitaji na utachoka bure kuipangusa. Paka kivulini kwenye paneli baridi, pitisha kidole. Ikitoka safi bila kuburutika, iko tayari. Silanti nyingi zinataka saa 12 hadi 24 bila maji, kwa hiyo wakati wa masika usimpe mteja gari jioni ile ile.

Seramiki ndiyo yenye mtego. Pangusa gari zima kwa spiriti, vaa glovu na barakoa, fungua hewa. Paka sentimita 40 kwa 40, mistari ya wima kisha ya mlalo. Tazama kwa tochi: mara ya kwanza uso unalowa, kisha rangi za upinde wa mvua zinaanza kutokea na kujikusanya vitone vidogo. Hapo ndipo pa kupangusa. Maelezo yakisema dakika mbili, Mombasa inaweza kuwa sekunde 30 hadi 60, kwa sababu joto hukausha kimumunyisho haraka na unyevu wa hewa huharakisha kuganda. Tumia vitambaa viwili, cha kwanza cha kusawazisha, cha pili kikavu cha kumalizia, kisha rudi na tochi kutoka pembe nyingine. Alama nyeusi iliyobaki ni seramiki iliyoachwa nene. Ndani ya dakika chache unaweza kuipaka upya juu yake na kuilainisha. Kesho itataka polishi.

Vitambaa vya seramiki vitupe, vikikauka vinakuwa msasa. Chupa iliyofunguliwa ifunge kwa nguvu na uitumie mapema, unyevu wetu huigandisha. Mikebe yote iweke mahali pa baridi, si kwenye kontena la bati.

Mkabidhi mteja gari pamoja na maelekezo mafupi kwa maandishi: tarehe, bidhaa, vipimo vya kila paneli, na siku ya kurudi. Ongeza chupa ndogo ya maji yenye sabuni ya gari na kitambaa kimoja kwa ajili ya kunguru. Kinyesi chao kina asidi, na kikikauka juani kwenye klia iliyopata moto kinaacha alama hata juu ya seramiki. Kinyunyizwe, kisubiriwe dakika mbili kilainike, kiinuliwe bila kusuguliwa, siku ile ile.